Jinsi nilivyomaliza muwasho wa shanyao
Sisi tunaoishi Guangzhou, huku China, shanyao tunaijua, ule mzizi mrefu kama fimbo, ndani mweupe na unateleza, jamii moja na viazi vikuu vya kwetu. Kwenye tiba ya Kichina wanasema unasaidia wengu, mapafu na figo, maduka ya dawa wanauza vipande vikavu ila mi napenda mbichi kwa supu ya kuku, na ile ya mkoa wa Henan, mji wa Jiaozuo, ndo yenye sifa.

Tatizo ni kumenya jamani, mikono inawasha mpaka viwiko, na ukiosha kwa maji ndo kwanza kunazidi. Chanzo ni vichembe vidogo vya kalsiamu oksaleti kama sindano vinavyochoma ngozi, kama magimbi yanavyowasha.

Dawa yake sasa: osha udongo, kata vipande virefu, pika kwa mvuke na ganda lake hadi lilegee, acha ipoe umenye, haiwashi kabisa na ganda linatoka lenyewe. Ukitaka kumenya mbichi vaa glavu kavu, vipande tumbukiza kwenye maji yenye siki visiwe vyeusi. Na kama umeshawashwa, paka siki usikune, mi ilinituliza.