Klipu za paipu ya tabo: nilivyoacha kukaza nikaanza kupima

Paipu ya tabo ya lori langu iliruka tukiwa katikati ya mlima Kitonga. Nilisikia mlio kama tairi limepasuka, ikafuata filimbi, halafu moshi mweusi ukameza kioo cha upande wa kushoto. Injini yangu ni ya pampu ya kizamani. Hewa ya tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ikikosekana, yenyewe inaendelea kumwaga dizeli bila kuuliza, na dizeli isiyo na hewa ndiyo huo moshi. Nguvu ilikata pale pale. Utingo akaruka chini na kuweka kigingi kabla sijamaliza kuvuta breki ya mkono.

Nikafanya kile ambacho madereva wengi tunafanya. Nikarudisha mpira wa paipu kwenye bomba la intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, nikakamata bisibisi, nikakaza klipu, ule mkanda wa chuma unaobana mpira, mpaka kiganja kikauma. Tukatambaa hadi Ilula, nikajipongeza kwa kununua nyanya. Ipogolo, mpira ukaruka tena.

Fundi niliyempata Iringa ni mtu mzima, wa maneno machache. Hakugusa spana. Alivua mpira akaugeuza ndani nje, akanionyesha: pale klipu ilipokaa palikuwa na vidonda vidogo vidogo vimejipanga kama alama za meno. Klipu ile ya skrubu ina matundu kwenye mkanda, na mpira wa silikoni ni laini. Kadiri nilivyokaza, ndivyo nilivyousukuma mpira uingie kwenye yale matundu na kukatika.

"Mzee, imekazwa sana?" nikamwuliza kwa kujitetea, kana kwamba aliyekaza ni mwingine.

"Umekaza mpira, bosi. Bomba hujalishika."

Kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba na kunionyesha oili. Tabo hupumua oili kidogo, hilo ni la kawaida, lakini mpira ukivalishwa juu ya oili unateleza hata ukifungwa na mnyororo. Akasafisha bomba na ndani ya mpira kwa petroli, akasubiri pakauke kabisa. Akanionyesha pia ule ukingo uliovimba mwishoni mwa bomba. Klipu inatakiwa ikae nyuma ya ukingo huo, ikiacha kama milimita tano hadi mwisho wa mpira. Yangu ilikuwa imepanda juu ya ukingo wenyewe, kwa hiyo kila tabo iliposukuma ilikuwa inateremka yenyewe.

Alinifunga kwa klipu kuukuu za bolti, zinazokazwa kwa nati badala ya bisibisi, nifike safari yangu. Niliporudi Dar nikaenda kutafuta mpya, na hapo nikakosea mara ya pili. Niliomba "klipu za bolti za paipu ya tabo," muuzaji akanipa, nikalipa. Nyumbani nikafunga mpaka masikio mawili ya klipu yakagusana, na mpira bado ulikuwa unazunguka kwa mkono. Kuangalia mkandani, imeandikwa 92–97, yaani milimita. Klipu ya bolti si kama ya skrubu inayokubali kila unene. Nafasi yake ya kubana ni milimita chache tu, ikishafika mwisho imefika. Nikaazima venia, kile kipimo cha unene, nikapima nje ya mpira ukiwa umeshavalishwa kwenye bomba: 88. Iliyonifaa ni 86–91. Kosa langu lilikuwa kupima bomba kwa macho na kusahau unene wa mpira.

Siku hiyo ndipo nilipoanza kusoma herufi zilizogongwa kwenye mkanda. W1 ni chuma kilichopakwa zinki mwili mzima. W2 mkanda haushiki kutu ila skrubu au bolti ni chuma kilichopakwa zinki tu. W4 vyote havishiki kutu. Nilichukua W4, maana W1 zangu za zamani bolti ziligandia kutu nikazikata kwa msumeno. Ila W4 nazo zina tabia yake: bolti na nati za namna hiyo zikikazwa kavu kavu na kwa haraka hung'ang'aniana. Natia grisi kidogo, nafunga taratibu kwa soketi, sitaki mashine ya upepo ije karibu.

Ule mpira unaotoka moja kwa moja kwenye tabo nimeuwekea klipu ya bolti yenye springi. Hewa pale inaweza kuvuka nyuzi 150 mlimani. Mpira unavimba kwa moto, usiku unanywea, na springi inaufuata huku na huku. Ni ghali kuliko za kawaida, ndiyo maana nimeziweka hapo tu.

Upande wa kunyonya, kati ya eakilina (chujio la hewa) na tabo, madereva hatuuogopi kwa sababu hakuna kinachoruka. Mimi sasa nauogopa zaidi. Pale klipu ikilegea hakuna mlio wala moshi. Lori linavuta vumbi ambalo halijapita kwenye chujio, na vumbi hilo linasaga mapanga ya tabo na ringi za pistoni kimya kimya. Nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba hilo, kikatoka na mstari wa rangi ya udongo. Klipu za skrubu zinatosha upande huu, alimradi mkanda wake kwa ndani uwe laini usio na matundu.

Baada ya safari ya kwanza nilikagua zote asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mbili zilikubali kukazwa robo ya mzunguko. Nimepiga pia mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye bomba hadi kwenye mpira, kila kiungo, ili mpira ukisogea nione bila kushika spana.

Tumeshapanda Kitonga mara kadhaa tangu hapo, mara ya mwisho nyuma ya tenka lililokuwa linakwenda kama kinyonga. Kiungo kimoja cha chini ya intakula bado kinatoa jasho la oili. Nimekifuta. Jumamosi injini ikipoa nitaangalia kama ule mstari bado umenyooka.