Siku singeli ilipopunguzwa spidi

Mwishoni mwa 2016 singeli, muziki wa kasi wa uswahilini Dar es Salaam, ilikuwa imeshatoka kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za kukesha, vya Manzese na Tandale na kuanza kupigwa redioni. Katika studio moja ya Mburahati niliyokuwa nikishinda, akaingia meneja wa msanii wa Bongo Fleva. Alitaka singeli "iliyotulia". Biti aliyoichagua ilikimbia BPM 220, yaani mapigo 220 kwa dakika, yeye akataka 140.

"Bosi, hapo itakufa," prodyuza akamwambia.

"We ishushe tu, mdogo wangu."

Lupu ya biti hiyo, yaani kipande kinachojirudia, ilikuwa ya kinanda cha taarab, asili yake BPM 110. Ilikimbizwa mara mbili bila kufunga sauti, yaani bila kuizuia isipande pamoja na spidi, kwa hiyo ilipanda oktava nzima, na ule ukali wa singeli unatoka hapo hapo. Ukiishusha hadi 140 kwa njia ile ile, sauti inaporomoka karibu nusu toni nane, theluthi mbili ya oktava, na unabaki na taarab iliyochangamka kidogo. Ukiivuta huku umefunga sauti, programu inarudiarudia vipande vidogo vya sauti ili kujaza muda, na kinanda kinakwaruza. Tulijaribu zote mbili. Meneja alichukua ya kwanza.

Kisha likaja pengo. Kwenye 220, kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.27, kwenye 140 ni 0.43. Nafasi hiyo ikajazwa besi nene, gitaa na waitikiaji. Kufikia jioni, cha singeli kilichosalia ni makofi. Hata MC wa kitaa aliyeitwa kuingiza ubeti alikwama: baa 16 alizozoea kuzimwaga kwa sekunde 17 sasa zilidai 27, pumzi ikakatika pasipo mahali pake, akaanza kuziba kwa "eeh, eeh".

Lililoniuma zaidi ni majina. Kwenye kigodoro biti haizimwi; MC anamtaja mama mwenye shughuli, mashoga zake, mtaa mzima, na wanaotajwa ndio wanaoingia kati kucheza. Yote yalifutwa ili wimbo uishie dakika tatu.

Redio ingetosheka kwa kukatwa urefu tu: spidi ibaki 220, kiitikio kiingie ndani ya sekunde 20 za mwanzo, MC aachiwe ubeti wake na majina mawili matatu. Wimbo ulitoka. Prodyuza alilipwa mara moja, mkononi, na jina lake halikuandikwa popote.