Waamuzi Wangapi Wanatosha? Nilivyopanga Michezo ya Shule Nane za Kata Yetu

Msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ukikaribia, kikao cha walimu wa kata yetu huwa na ajenda zilezile: jezi, mipira, chokaa ya kuchorea viwanja, mchele wa watoto, na nani atatoa gari siku timu ya kata itakapokwenda wilayani. Suala la waamuzi huingia kwenye "mengineyo". Mtu husema walimu wenyewe watachezesha, wajumbe huitikia, kikao kinafungwa kwa sala. Nilipopewa ukatibu wa kamati ya michezo nikaanzia huko kwenye mengineyo, maana nilishachezesha vya kutosha kujua kwamba jezi zikipungua watoto huazimana, lakini kipenga kikikosa mtu wa kukipuliza, au kikawa mdomoni mwa mtu asiyeaminika, siku nzima inaharibika.

Kata yetu iko mkoani Morogoro, ina shule nane za msingi. Kila shule huleta walimu wawili, wa michezo na mwenzake anayewasimamia wasichana. Hao ni 16. Tulikuwa na viwanja vinne: soka, netiboli, wavu na mpira wa mikono, vyote kwenye eneo la shule moja kubwa.

Wenzangu walikuwa wakihesabu mechi. Mimi nikahesabu viwanja vitakavyochezwa kwa wakati mmoja. Mechi hata ishirini zikipangwa kwenye kiwanja kimoja, kikosi kimoja cha waamuzi chenye watu wa kupokezana kinazimaliza. Viwanja vinne vikichezwa kwa pamoja, hata kwa saa moja tu, lazima uwe na vikosi vinne vilivyokamilika.

Soka ndiyo rahisi kueleweka: mwamuzi wa kati, washika vibendera wawili, na wa akiba anayekaa mezani. Wanne. Netiboli ndiyo inayodanganya watu. Wakiona vipenga viwili wanadhani kazi imekwisha. Kila mwamuzi ana nusu yake ya uwanja tangu mwanzo hadi mwisho. Timu hubadilishana magoli, waamuzi hawabadilishani. Na pasi ya kati ni ya zamu, timu hii kisha ile, bila kujali nani kafunga. Sasa mabinti wakifungana magoli ya harakaharaka, nani anakumbuka zamu ni ya nani? Ni mtu wa mezani mwenye kalamu. Asipokuwepo, baada ya kila goli kuna kesi. Kwa hiyo netiboli niliiandikia wanne: waamuzi wawili, mwandishi, na mtunza saa.

Wavu ina mwamuzi wa kwanza anayesimama juu (kwetu ni juu ya meza nzito ya darasani iliyoegemezwa kwenye nguzo), wa pili chini upande wa pili, mwandishi, na wa mistari. Sheria inaruhusu wa mistari wawe wanne au wawili. Nilichukua wawili, wakakaa kwenye kona zinazotazamana kimshazari, kila mmoja akilinda mstari wa nyuma na wa pembeni. Jumla watano. Mpira wa mikono una waamuzi wawili wenye mamlaka sawa, mtunza saa na mwandishi. Wanne tena.

Jumlisha: 17. Mwenzangu mmoja akafurahi, "Mwalimu, si tuna 16? Tumepungukiwa mmoja tu." Nikamwambia ahesabu upya, ila safari hii awatoe walimu ambao timu zao zinacheza muda huo. Mwalimu hawezi kukaa benchi na kuchezesha kwa pamoja, na hata angeweza, nani angekubali achezeshe mechi ya watoto wake? Kama kila kiwanja kina shule mbili tofauti, shule zote nane ziko kazini na hakuna hata mwalimu mmoja aliye huru.

Hapo ndipo ratiba iliponipa kazi. Nilifuta na kuandika mpaka nikaona njia: shule mbili zikikutana, zikutane kwenye viwanja viwili kwa wakati mmoja. Wavulana wao wanacheza soka, wasichana wao netiboli. Shule nyingine mbili, wavulana wako wavu na wasichana mpira wa mikono, halafu wanageuzana. Hivyo viwanja vyote vinne vinachezwa na shule nne tu. Nne nyingine zimepumzika, na shule iliyopumzika ndiyo inayochezesha. Nikapata walimu wanane walio huru kila awamu.

Nikaomba waamuzi wawili wa soka kutoka chama cha waamuzi cha wilaya, wakafanya watu wazima kumi. Kumi hao walitosha kwa vipenga vyote saba, vibendera viwili vya soka na wa akiba. Zilibaki nafasi saba: meza za netiboli, wavu na mikono, na mistari ya wavu. Hizo niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu wa sekondari ya jirani. Mkuu wao wa shule alitaka barua tu na ahadi kwamba watakula.

Hili la wanafunzi lilileta mjadala. Wapo waliosema watoto watatuharibia. Msimamo wangu ulikuwa mmoja: mwanafunzi anashika kalamu, saa au kibendera, kipenga hapewi. Mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kusimama mbele ya mwalimu anayefoka na kumwambia faulo ni faulo. Lakini kwenye karatasi ya magoli ni makini kuliko sisi, maana hana shule anayoishangilia na hajibu simu katikati ya mchezo.

Wa kuwafundisha nilimpata mtaani kwetu, mwalimu mstaafu aliyechezesha netiboli miaka mingi. Nilipomfuata nyumbani alikuwa akichambua mchicha. "Shikamoo, Madam." "Marahaba. Wewe ukija hapa bila taarifa, kuna michezo." Hakutaka posho, alitaka nauli ya bodaboda na kiti chenye mgongo. Mchana mmoja aliwaweka mabinti wa meza ya netiboli chini ya mwembe, akachora karatasi yenye safu mbili, akawa anaita, "Goli! Pasi ya nani?" Aliyekosea anaanza upya na mwenzake anacheka. Baadaye akawaonyesha mwandishi na mwamuzi wanavyoelewana kwa mkono bila kupiga kelele. Siku ya mashindano meza ya netiboli ndiyo pekee ambayo hakuna mwalimu aliyeiendea kulalamika.

Kuhusu posho niseme wazi. Walimu walikuwa kazini, wao walipata chakula na maji. Waamuzi wa chama tulielewana mapema kwa kiasi kinachojulikana, na nilitenga fedha yao kabla ya kununua hata chupa moja ya glukosi. Ukimwambia mwamuzi "tutaona jioni", jioni anaweza asiwepo. Hata hivyo, mmoja wao hakutokea siku ya pili. Kulikuwa na mechi ya ndondo, soka la mtaani, kijiji cha pili, na ndondo hulipa kuliko michezo ya shule. Sikumlaumu sana. Wa akiba akashika kibendera, meza ya soka ikakaa mwanafunzi, tukaendelea.

Jambo jingine ambalo hesabu haimalizi ni imani. Watoto wanachaguliwa hapa kwenda timu ya kata, kwa hiyo shule iliyopumzika nayo ina maslahi: ikimtoa kipa hodari wa wenzake, nafasi ya kipa wake inafunguka. Nilitenganisha kazi hizo mbili. Aliyechezesha hakuruhusiwa kupendekeza mchezaji wa mchezo huo. Uteuzi ulifanywa na watu watatu waliokaa pembeni na daftari, akiwemo yule Madam. Kelele za wazazi hazikuisha ("Mwalimu anatuibia huyo!"), lakini za walimu zilipungua.

Nimeacha riadha mwisho kwa sababu ndiyo inayomeza watu. Mbio za mita 100 peke yake: mwanzishaji na msaidizi wa kuwapanga watoto kwenye mstari, kule mwisho watu wanne wa nafasi nne za kwanza, watatu wa saa, na mwandishi. Hao ni kumi kwa mbio zisizofika nusu dakika. Kuruka chini kunataka mtu wa kuangalia mguu kwenye ubao, wawili wa utepe, mwandishi na wa reki ya mchanga. Tufe nalo lina watu wake. Mbio za vijiti zinataka mtu kwenye kila eneo la kupokezana. Ukiichanganya riadha na mipira umekwama. Niliiweka asubuhi ya kwanza, peke yake. Mkimbiaji hahitaji mwalimu benchi, kwa hiyo walimu wote 16 walikuwa huru, na wale wa sekondari wakashika reki na utepe.

Bastola ya kuanzishia hatuna. Tulitumia mbao mbili zilizopakwa rangi nyeupe, mwanzishaji anazigonganisha juu ya kichwa. Wa saa niliwaambia wabonyeze wanapoziona zinagusana, wasisubiri mlio, kwani sauti huchukua karibu theluthi ya sekunde kufika mita 100, na kwa mbio fupi hiyo ni nyingi. Saa zote tatu zilimpima mshindi tu. Mbili zikilingana, huo ndio muda. Zote zikitofautiana, tunachukua wa katikati. Kuwapima wote kungehitaji watu nisiokuwa nao, na kwa mchujo wa kata kinachohitajika ni nafasi.

Kwenye nafasi, kila mwalimu alikuwa na namba yake. Wa kwanza anamtazama wa kwanza tu, wa pili wa pili tu. Kinachoangaliwa ni kiwiliwili kufika mstarini. Kichwa na mkono ulionyooshwa havihesabiki. Mwalimu akimwona mtoto wa namba yake anamshika mkono na hamwachii mpaka mwandishi aandike jina na shule. Katika mbio moja ya wasichana, wawili walifika bega kwa bega na walimu wawili wakashika mkono wa mtoto mmoja, huyu wa kulia na yule wa kushoto. Mtoto anahema, anawatazama kwa zamu. Tukaamua wote wawili waende wilayani.

Safari hii tunaongeza soka la wasichana, na kanuni yangu ya shule mbili viwanja viwili inavurugika, kwa kuwa baadhi ya mabinti wa netiboli ndio haohao wa soka. Nimeipangia awamu yake jioni, jua likipungua, na dakika za kila kipindi nimezipunguza. Nimeomba chama kitupe angalau mwamuzi mmoja wa kike, na barua ya sekondari imeshapelekwa; mkuu amejibu kwamba wasichana wale wa meza sasa wako kidato cha nne, tuchukue wengine. Madam ameshapewa taarifa, amesema tumletee karatasi na kile kiti.