Besi imeingia nyumbani

Wenzangu, amplifaya nimeipata leo!

Ya gitaa la besi, mtumba, wati 30, spika ya inchi 10. Mwenyewe alikuwa akipiga kwenye hoteli moja hapa Malindi, sasa anahama.

Nilikwenda na gitaa langu. Nikaomba iwashwe, nisikilize tu kwanza. Mngurumo mdogo, hauna neno.
Nikazungusha kitufe cha sauti: krrrr, krrrr, kama mtu anakanyaga makuti makavu.

Muuzaji akaanza kuteremsha bei kabla sijasema kitu. Nami nikazidi kunyamaza 😄

Kwani hapa pwani hilo si ajabu. Upepo wa bahari ukishapenya ndani, chumvi hula chuma na shaba. Jioni nikaifungua nyuma (nimeshachomoa umeme, na kapasita sikuzigusa, zile hubaki na umeme hata ukichomoa). Tundu la waya wa gitaa lilikuwa na kutu ya kijani. Nikapuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, nikazungusha vitufe huku na huku, mkwaruzo ukaisha.

Kisha nikapiga uzi wa E, ule mnene. Hezi 41 hivi, yaani unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, mlio wa chini sana. Spika ndogo hii haiutoi mlio huo wote, na kwenye arusi yenye ngoma itamezwa, najua. Lakini bilauri za kabatini zilitetemeka, na mama akaita kutoka jikoni: "We mwanangu, lori gani hilo?"

Sasa wapigaji wa Malindi na Lamu, nyinyi zenu mnazifunika na nini usiku? Shuka au nailoni? Mimi nailoni naiona itafuga unyevu.