Njia ya gari kwa majirani: ugomvi huanzia kwenye mkataba wa mauziano

Chukua mkataba wowote wa kuuziana kiwanja ulioandikiwa ofisi ya mtaa, iwe Moshono, Olasiti na Muriet kwa Arusha, au Pasua na Rau kwa Moshi. Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wamesaini, muhuri wa mwenyekiti umegongwa. Njia je? "Upande wa kaskazini kuna njia." Basi. Imekatwa kwenye ardhi ya nani, ina upana gani, ni ya miguu au ya gari, hakuna anayejua. Mstari huo ndio utakaowapeleka watu barazani siku mwenye kiwanja cha mbele atakapoanza kuchimba msingi wa ukuta.

Kuna na hii habari ya kupima njia kwa hatua. Hatua ya dalali mrefu si hatua ya bibi anayeuza. Mmoja akipiga sentimita 90 na mwingine 70, kwenye njia ya "hatua nne" tofauti ni sentimita 80, yaani karibu nusu ya upana wa gari dogo. Nunueni futi ya mita 30 au mkodi mpima. Mkataba uandikwe kwa mita, tena useme zinapimwa kutoka wapi hadi wapi.

Upana gani unatosha? Gari dogo lina kama mita 1.7, na vioo vya pembeni likikaribia mita 2. Mita 3 zinalipitisha likienda moja kwa moja, ila kukunja kuingia geti la ubavuni ni shughuli: mbele, nyuma, mbele tena, mpaka kona ya ukuta wa jirani ikwaruzwe. Lori la mchanga au la maji lina karibu mita 2.5. Chini ya mita 4 usikubali, na nyumba zikiwa nyingi pigania 6 ili magari yapishane. Wengi hupima njia kwa gari lao wenyewe wakasahau gari la majitaka. Shimo likifurika wakati wa masika ndipo wanagundua kwamba njia waliyoridhika nayo haipitishi kitu.

Njia chache huzibwa kwa siku moja. Nyingi huliwa kidogo kidogo. Jirani anapanda michongoma kwenye mpaka, haikatwi, inanenepa hadi kuingia njiani. Miaka ikipita anajenga ukuta, na fundi anafuata ukingo wa nje wa michongoma badala ya shina. Mita imekwenda hapo bila neno. Fundi wa msingi naye ana lake: tofali ni inchi 6, lakini msingi wa mawe chini yake unafika sentimita 45 hadi 60. Ukuta ukisimama juu ya mstari wa mpaka, sehemu ya msingi imeshavuka kuja njiani. Anayejenga arudi ndani ya eneo lake kiasi cha kuumeza msingi wote.

Geti ndilo linaloudhi kuliko yote. Geti la mita 4 lenye mbawa mbili likifungukia nje, kila ubawa unafagia mita 2 za njia. Lifungukie ndani, au liwe la kusukuma kwenye reli. Na ule mteremko wa zege mbele ya geti uishie ndani ya mpaka. Ukiumwaga njiani unainua usawa, maji ya mvua yanakimbilia kwa jirani wa chini, na ugomvi wa njia unazaa ugomvi wa mtaro.

Mchanga na kokoto za ujenzi, au magari ya wageni kwenye msiba, hayo ni mambo ya kuvumiliana. Mwambie, "Jirani, naomba tuache pakupita gari kabla ya jioni." Usipige honi getini kwa mtu. Kama ni mzee, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, halafu njia.

Ukiona msingi unachimbwa, usibomoe, hata kama una haki mia kwa mia. Ukibomoa, wewe ndiye utakayejibu shitaka la kuharibu mali, na suala la njia litakaa pembeni. Fanya hivi: siku hiyohiyo piga picha zinazoonyesha futi imelazwa kukata njia, pamoja na kitu kisichohama kama nguzo ya umeme. Fungua Google Earth kwenye kompyuta uangalie picha za miaka ya nyuma. Njia iliyopitwa na magari huonekana vizuri kutoka juu. Tafuta mkataba wako, mkataba wa aliyekuuzia, na wazee waliokuwepo mashamba yakikatwa.

Kisha nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji, ule wanaouita TP, au lilipita kwenye urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango. Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi bure. Kama njia ipo kwenye mchoro ulioidhinishwa, hiyo ni barabara ya umma, na huna haja ya kubembeleza ruhusa ya jirani. Andika barua kwa mkurugenzi wa Jiji au Manispaa, nakala kwa mtendaji wa kata na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukuta uliopandishwa barabarani ndio unaopigwa X nyekundu ya kubomolewa.

Kama haipo kwenye mchoro, mnazungumzia haki ya kupita kwenye ardhi ya mtu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua haki ya namna hiyo. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kikao kiandikwe muhtasari na wote wasaini. Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Zikipita siku 30 bila suluhu, au likithibitisha kwamba limeshindwa, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka Kata, shauri linatupwa. Ukishafungua, omba zuio la muda haraka, kwa sababu ukuta ukishafikia lenta kila mtu anauonea huruma. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Mashauri mengi hufia kwenye makosa madogo. Maombi hayaelezi eneo kiasi cha kutambulika: mtaa, majirani wa pande nne, vipimo vya njia. Au anashitakiwa mpangaji badala ya mwenye nyumba.

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, vya Kibosho, Mbokomu au Marangu kosa ni lingine: mzee amefariki, watoto wanashitakiana kwa majina yao wakati hakuna aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Huko ugomvi wenyewe una sura yake. Baba aliwagawia wanawe, wa mbele akapata upande wa barabara, wa nyuma akawa anapita katikati ya migomba ya kaka yake. Enzi za miguu na mkungu kichwani ilitosha. Sasa mjukuu anataka kuingiza gari, na kupanua mita 4 ni kung'oa safu nzima ya migomba, pengine na mibuni. Aliye nyuma asidai bure. Alipe fidia ya mazao, au aachie kipande cha ukubwa uleule upande wake.

Mkielewana, andikeni palepale: upana, urefu, magari ya aina gani, marufuku kuegesha, nani analeta moramu na kwa mgawanyo upi, kama bomba la maji na nguzo vinaruhusiwa, na kwamba makubaliano yanawafunga warithi na wanunuzi. Wenzi wa ndoa wa pande zote wasaini. Penye hati, haki hiyo isajiliwe kwa msajili wa hati ili mnunuzi ajaye aikute imeandikwa.

Halafu msiondoke bila kusimika mipaka. Chimbeni sentimita 60, nondo ya milimita 12 katikati, zege kuizunguka, kila kona na kila penye kupinda. Mkitaka kupanda na masale, mimea ya mpaka ya Wachaga, kama wazee, pandeni, ila kando ya zege.