Klima haili gazi: nilivyotengeneza ya motoka yangu hapa Lubumbashi

Klima ya motoka, yaani kiyoyozi, haili gazi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Lubumbashi, ukifika garaji na kusema klima inapuliza hewa ya moto, jibu linakuja kabla hujazima injini: "Papa, gazi imeisha, tuongeze." Gazi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haichomwi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Anayekujazia bila kutafuta mahali hapo anakuuzia baridi ya muda mfupi.

Mimi waliniuzia. Joto la kabla ya mvua lilikuwa limeanza, na vumbi la malori ya madini halikuruhusu kufungua vioo. Klima ikapoa vizuri, tukaenda Likasi na kurudi kwa raha, kisha ikaanza tena kupuliza joto. Niliporudi garaji wakaniambia sasa kompresa, ile pampu inayosukuma gazi, imekufa. Ushahidi wao: ukibonyeza kitufe cha klima, ule mlio wa "tak" hausikiki. Wakataja dola mia kadhaa, tena kwa kompresa ya mtumba. Jirani naye, kwa nia njema kabisa, akanishauri nijaze gazi ya kupikia. Usithubutu! Ile inawaka, na sehemu inayopoza hewa iko nyuma ya dashibodi, hatua moja na pale wanapokaa watoto wako.

Kompresa kutoshika hakumaanishi imekufa. Kwenye bomba kuna swichi ya presha. Gazi ikipungua sana inakata umeme, maana mafuta yanayolainisha kompresa yanasafiri pamoja na gazi hiyohiyo. Swichi ilikuwa inaiokoa kompresa yangu na wao wanataka kuizika. Nikamwita kijana mmoja fundi wa Katuba, mwenye mikono ya polepole, akaja na manometa, kile kipimo cha presha chenye mishale miwili. Injini ikiwa imezimwa, kwa joto la digrii 30 hivi, mishale yote miwili inapaswa kukaa karibu na 100 psi. Yetu haikufika hata 40.

"Papa, nioshe injini kwanza tuone vizuri," akasema. Nikamzuia. Vumbi letu jekundu ndilo shahidi bora wa kazi hii, na ukiliosha umemfukuza. Gazi ikivuja inatoka na mafuta kidogo, vumbi linanata pale. Tukafuata bomba moja baada ya jingine kwa tochi. Kote vumbi lilikuwa kavu, unapitisha kidole linapukutika. Ila kwenye pembe ya chini ya kondensa, ile kama redieta ambako gazi inaacha joto lake, nyuma ya bampa, pale bomba la alumini linapoungana nayo, lilikuwa jeusi, limeshikana, na kidole kikateleza juu yake.

Tukapaka povu la sabuni. Halikutoa hata tone la hewa, kwa sababu presha ilikuwa imeshuka mno. Kijana akaongeza gazi kidogo yenye rangi ile inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Taa yenyewe hakuwa nayo, na dukani bei yake ilinichefua. Nikakumbuka kambisti, mbadilisha pesa wa pale kona ya barabara yetu: dola yoyote unayompa anaimulika kwanza kwa katochi kake ka zambarau, aone kama uzi wa ndani unawaka. Mwanga ni uleule! Nikamwomba aniazime kwa usiku mmoja, nikamwachia kitu kidogo cha bia. Giza lilipoingia tukafungua kapo (kifuniko cha injini) na kumulika. Mabomba yote meusi, kisha pale pembeni mstari wa kijani-manjano ukawaka, mwembamba, unazunguka nusu ya kiungo na kushuka kwenye chuma. Kijana alipiga kofi. Mimi nilimwita mama watoto aje aone.

Ndani ya kiungo kulikuwa na pete ya mpira, imekauka na kuwa bapa, tulipoikunja ikakatika. Muuzaji wa kwanza alitupa pete nyeusi za mabomba ya maji. Kataa hizo. Tafuta za klima, mara nyingi ni za kijani, bei yake ni ya soda chache, uipake mafuta ya kompresa kabla ya kuivisha. Na usikaze nati kwa nguvu, alumini inachanika.

Kisha pampu ya kunyonya hewa, ili unyevu wote utoke. Hapa kijana alitaka kukata tamaa, kwa sababu video alizojifunzia zinasema mshale ufike inchi 29 (za zebaki, ndivyo unyonyaji unavyopimwa), na wetu ukasimama 26. Akasema pampu ni mbovu. Si mbovu. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na 26 ndiyo mwisho wake hapa. Cha kuangalia ni kama mshale unabaki palepale ukifunga pampu. Tukaacha zaidi ya nusu saa; haukusogea.

Gazi ijazwe kwa kupima uzito, isikadiriwe kwa jicho, maana ikizidi nayo inaharibu baridi. Motoka yangu ilitoka Japani ikapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kibandiko chini ya kapo ni maandishi ya kwao, lakini "HFC-134a", yaani aina ya gazi, na "450 g" kila mtu anasoma. Tukaweka chupa juu ya mzani wa jikoni. Tulipowasha, "tak" ikasikika. Gharama yote, na kijana nikiwa nimemlipa vizuri, haikufika hata robo ya ile kompresa.

Kama yako inapoa ukitembea na kupata joto ukisimama kwenye foleni, hiyo ni hadithi nyingine: angalia feni, na uoshe vumbi kwenye kondensa kwa maji yasiyo na nguvu. Na ukiona maji yanadondoka chini ya motoka klima ikiwaka, mtu asikutoze hela. Huo ni unyevu wa hewa tu.