Siku moja na wazee wa Kitwa chini ya Muhabura

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kisoro, mji wa kusini-magharibi mwa Uganda, bado ni giza, na ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi. Navaa mabuti, nachomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, natia koti la mvua mkobani ingawa nyota zinaonekana. Huku chini ya volkano ya Muhabura mvua haipigi hodi.

Kazi yangu ni kutafsiri. Wazee wa Kitwa, wenyeji wa asili wa msitu wa huku, wanazungumza Kifumbira, wageni wanakuja na Kiingereza na Kifaransa, na wale wa kutoka Goma au Nairobi wanakuja na Kiswahili. Mimi nakaa katikati, siku nne au tano kwa wiki, kwenye njia ya Watwa, matembezi ya watalii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga.

Saa kumi na mbili na nusu. Bodaboda inanipandisha kuelekea lango la Ntebeko, kilomita 14 hivi za barabara ya mawe ya volkano. Sabyinyo inajitokeza kwanza, mlima ambao kileleni Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Kabla ya lango nashuka kwenye vibanda vya Watwa. Vimebanana kwenye kipande cha ardhi ambacho hata viazi vya familia moja havitoshi. Watu hawa walikuwa na msitu mzima. Mwaka 1991 Mgahinga na msitu wa Bwindi zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa, walitolewa, na wengi wao waliishia kuwa maskwota kwenye mashamba ya watu wengine, watu kama sisi Wafumbira.

"Mwaramutse," nawaamkia, nikianza na mkubwa kuliko wote. Mzee ninayefanya naye kazi ananimiminia bushera, kinywaji cha mtama, kwenye kikombe cha mwanzi. Anakunywa yeye kwanza, kisha ananipa. Nakunywa pale pale alipogusa midomo yake.

Hilo kwangu si jambo dogo. Nyumbani kwa nyanya yangu kulikuwa na kibuyu kilichopasuka mdomo, kimetundikwa nje kwenye ua. Mtwa aliyekuja kulima kwa ujira alimiminiwa humo, akanywea nje, kikarudishwa pale pale uani. Hakuna mtu mwingine aliyekigusa. Nilikuwa na miaka saba nilipouliza kwa nini, nikaambiwa nisiulize. Mara ya kwanza mzee aliponipa kikombe chake, mkono wangu ulitetemeka, na najua aliuona.

Saa mbili. Leo wageni ni sita. Askari wa hifadhi anaeleza habari za nyati na sokwe, kisha ananiachia nafasi. Nina dakika kumi tu, na kwangu dakika hizi zina uzito kuliko saa zote zinazofuata.

Naanza na jina. Wao ni Watwa, wenyewe husema Abatwa, mmoja ni Mtwa. "Mbilikimo" sitaki kulisikia njiani. Pili, hatupimani urefu. Kuna mgeni aliwahi kusimama kando ya mzee, akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kumwomba mwenzake apige picha. Mzee alinyamaza njia nzima. Jioni aliniuliza kama huko kwao wageni hufanyiana hivyo na wazee wao, nikakosa la kumjibu. Tangu siku hiyo nalisema mapema, wazi, hata kama linamuudhi mtu aliyelipa ada.

Picha huombwa, na akikataa amekataa. Salamu huanzia kwa mkubwa. Peremende kwa watoto hapana, kwa sababu zinawafundisha kukimbilia kila gari badala ya kwenda shule. Na ukipewa kinywaji, pokea kwa mikono miwili. Kama tumbo lako linaogopa, gusa kikombe mdomoni tu, lakini usikirudishe kwa sura ya kinyaa.

Saa tatu. Tunavuka ukuta wa mawe unaozuia nyati wasishukie mashamba, tunaingia mianzini. Mbele ya kibanda kidogo cha majani mzee anapiga magoti, anaomba ruhusa ya kuingia na usalama wa kurudi. Nawaashiria wageni washushe simu. Maneno hayo nayatafsiri baadaye, kwa ufupi, na kwa idhini yake.

Mzee huyu alizaliwa ndani ya msitu huu. Leo anaingia na askari mwenye bunduki nyuma yake, kwa saa zilizopangwa, na haruhusiwi kurina asali wala kutega hata panya. Wageni wengi wanadhani wamekuja kuona watu wanavyoishi. Nawaambia ukweli: mnachoona ni jinsi walivyoishi, mkioneshwa na wenye kumbukumbu hiyo, wangali hai.

Saa nne hadi saa sita. Hapa mzee anabadilika, anakuwa kijana. Anakata kijiti, anakaa chini, anaweka uwimbombo, kipande cha mti kinachopekechwa moto, kati ya nyayo na kuupekecha kwa ulindi, kijiti kinachozungushwa kwa viganja. Mwenzake anampokea bila kuupa mti nafasi ya kupoa, mikono inashuka, inapanda, inashuka. Moshi kwanza, kisha unga mweusi, kisha cheche moja inayodondokea kwenye majani makavu. Anaipuliza kama anayembembeleza mtoto. Kijana mmoja wa Kifaransa anajaribu mpaka viganja vinachubuka na moshi haujatoka. Wazee wanampa pole kwa dhati, wanamwonesha tena namna ya kushika.

Anaonesha jani la kidonda, gome la tumbo, mzizi wa mama aliyejifungua. Majina ya dawa nayataja kwa Kifumbira na kuyaacha hivyo. Hiyo ni mali yao, na mgeni anayetaka kuandika kila kipimo kwenye daftari namwomba afunge daftari. Anaonesha mtego wa funo, bila kuutega. Kisha asali: moshi wa kutuliza nyuki, kamba ya kupandia, na jinsi asali ilivyopelekwa ukweni kumwomba binti. Upinde nao unatolewa, lakini mshale unalenga shina la mgomba tu lililoletwa kwa kazi hiyo.

Mvua inatukuta saa sita kasoro. Tukiwa tumejibanza, mama mmoja wa Kikenya ananiuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini hawajarudishiwa ardhi. Namweleza kwamba walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikasema hawakufidiwa ipasavyo. Mzee anasikia neno "mahakama", anauliza tunasema nini. Namwambia. Anasema: "Mwulize kama kwao mtu akihukumiwa kupewa chakula, hushiba siku ile ile."

Saa saba na nusu. Pango la Garama. Tunashuka ngazi, tunazima tochi. Humu Watwa walijificha wakati wa vita, na humu walikutana kwa mashauri. Kwa muda hakuna kitu, ni matone ya maji tu. Halafu sauti ya mwanamke inatoka gizani, ya pili inaipokea, mikono inapiga, na pango zima linaimba. Wanawake hawa wamesubiri humo kwenye baridi tangu kabla hatujafika. Nyimbo za Garama sizitafsiri ndani. Wao ndio waliniomba hivyo: anayelia alie kwanza, maana ya maneno ataipata nje. Mama Mkenya alilia. Nami hulia, hata baada ya miaka yote hii.

Saa tisa. Vyungu na vikapu. Nawaomba wageni wasipunguze bei hadi mwuzaji aone aibu. Zawadi ya fedha inapita mkononi mwa kiongozi wa kikundi, mbele ya wote, ili wanawake wa pangoni nao wapate.

Saa kumi na moja jioni. Mke wa mzee anashuka nami mjini, kesho asubuhi ana miadi ya macho hospitalini na atalala kwa mpwa wake. Mvua inarudi, tunakimbilia kwetu. Mama yangu yuko jikoni. Ni binti wa yule yule nyanya mwenye kibuyu, na katika maisha yake yote hajawahi kumketisha Mtwa ndani.

Anatutazama mlangoni, maji yakitudondoka. Kisha anasema, "Ingia, mukecuru," yaani bibi, "usimame mvuani kwa nini?" Anafungua kabati, anatoa vikombe vitatu vya maua vinavyofanana, anamimina chai. Wanaongea juu ya macho, magoti, bei ya sabuni.

Mgeni wetu alipokwenda, nilibaki nikimwangalia mama. Alikiosha kile kikombe pamoja na vyetu, akavifuta vyote kwa kitambaa kimoja, akavirudisha kabatini.